Kudha na Miaka Minne ya Kati

Msafiri atokaye Kismayo kwa chombo kuelekea kusini, akiiacha nyuma bandari ile ambayo Waingereza waliikabidhi kwa Wataliani mwaka 1925 pamoja na nchi yote iliyo ng'ambo ya Mto Juba, huingia katika njia ya bahari isiyofanana na nyingine katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa upande wake wa kulia huandamana na bara kavu yenye mchanga na vichaka, na upande wake wa kushoto hukingwa na safu ndefu ya visiwa na matumbawe, iliyojipanga sambamba na ufuo hadi karibu na Ras Kiamboni, mahali ambapo mpaka wa Kenya huanza. Visiwa hivyo ndiyo maskani ya kale ya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo, na katika vingi vyao yamesalia magofu ya misikiti na makaburi ya mawe yanayoshuhudia kwamba watu wa hapa walijua kusoma, kuabudu na kujenga tangu zama ambazo miji mingi ya leo ilikuwa bado pori. Kudha iko upande wa kusini wa safu hiyo, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kismayo, na wakazi wake, Wabajuni kwa Wasomali, hutegemea bahari kwa riziki yao na Mwenyezi Mungu kwa salama yao.

Kilichonipeleka Kudha hakikuwa magofu, ijapokuwa mtu mwenye moyo wa tarehe hawezi kuyapita bila ya kusimama, bali ilikuwa shauku ya kuona hali ya elimu katika daraja ambayo aghalabu husahauliwa na wenye kupanga na wenye kusifu, nayo ni daraja ya kati, ile iliyo baina ya siku mtoto anapojua kuandika jina lake na siku kijana anapostahili kuingia skuli ya sekondari. Tulisafiri mwishoni mwa kaskazi, na mashua yetu, ijapokuwa ilikuwa na mashine, ilitweka tanga ili kuhifadhi mafuta, maana upepo ulikuwa wa nyuma na nahodha hakuona sababu ya kununua kile alichopewa bure. Njiani tulikutana na madau ya wavuvi mara kwa mara, na katika kila dau, pamoja na watu wazima, alikuwamo kijana mmoja au wawili wa umri ambao mwalimu angependa kuwaona mbele ya ubao. Niliyatazama hayo bila ya kuyatia maanani sana, hata nilipofika Kudha ndipo nikafahamu kwamba habari yote niliyoifuata ilikuwa imekwisha kunipitia baharini.

Katika mji wowote wa Kibajuni elimu ya kwanza ni ya chuoni, na Kudha haikutoka katika ada hiyo. Asubuhi ya kwanza nilisikia sauti za watoto wakihijizana kabla sijaona uso wa hata mmoja wao, na nilipojongea nikamkuta maalimu ameketi, mbao zimepangwa, na wadogo kwa wakubwa wakisoma kila mmoja mahali pake bila ya kumchanganya mwenziwe. Nilimwamkia, akaitika kwa bashasha, akanikaribisha kitako, na alipojua nimekuja kwa ajili ya mambo ya elimu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake: kwamba mtoto aliyemaliza juzuu chache mbele yake hupata wepesi mkubwa anapoingia skuli. Alinieleza sababu yake, nami nikaiona ni sahihi kabisa. Herufi za Kilatini ambazo kwazo lugha ya Kisomali huandikwa tangu mwaka 1972 hazikupangwa kwa mpango wa Kizungu, bali zimefuata safu ya Kiarabu, zikianza kwa hamza, be, te na jim. Tena sauti ya haa ya kooni imepewa x na sauti ya ayni imepewa c, herufi mbili zinazomtatiza mgeni lakini zisizomtatiza mtoto aliyezizoea sauti hizo katika Fatiha. Hivyo mtoto wa Kibajuni, ambaye lugha ya mamake haina sauti hizo, huzichukua chuoni na kuzipeleka skuli, na elimu mbili ambazo watu wengine huzigombanisha hapa husaidiana.

Nilifurahi kuyasikia hayo, kwa maana pwani yetu imekuwa na wanazuoni waliolilia jambo hilohilo zamani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika magazeti yake Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, hakuchoka kuwahimiza Waislamu wa pwani washike dini yao na wakati huohuo wasiiache elimu ya dunia ikawapita, na lau angaliishi akamsikia maalimu wa Kudha akiisifu skuli, naamini angalihisi kwamba maneno yake hayakupotea.

Baada ya sala ya alasiri nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye watu wa mtaani humwita Babu, wakubwa kwa wadogo, naye alikuwa miongoni mwa watoto wa visiwani waliosoma hadi daraja ya kati katika miaka ya sabini. Kutoka kwake, na kutokana na ninayoyajua mimi katika tarehe ya elimu ya Somalia, ilinidhihirikia jinsi daraja hii ilivyopanda na kushuka. Hapo awali masomo yalikuwa ngazi tatu za miaka minne minne, yaani ya awali, ya kati na ya sekondari, na baina ya ngazi ya kwanza na ya pili ulisimama mtihani wa ushindani, ambao mtoto wa kisiwani, mwenye mwalimu mmoja na kitabu kimoja, alikuwa akishindanishwa na mtoto wa mji mkubwa. Mwaka 1972 mtihani ule uliondolewa, na kila aliyemaliza mwaka wa nne akapewa ruhusa ya kuendelea mwaka wa tano bila ya kuchujwa. Mwaka huohuo, tarehe 21 Oktoba, serikali ya Mohamed Siad Barre ilitangaza hati ya Kilatini kuwa ndiyo ya kuandikia Kisomali, na kuanzia Agosti 1974 skuli za sekondari zikafungwa, na maelfu ya wanafunzi wake wakapelekwa mashamba na nyikani kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika.

Babu aliyazungumza hayo kwa fahari isiyo na majivuno. Alisema kwamba bila ya kuondolewa mtihani ule yeye angaliishia mwaka wa nne kama ndugu zake waliomtangulia. Kwamba alikwenda Kismayo akakaa kwa jamaa, akasoma hesabu, jiografia na sayansi kidogo. Na kwamba aliporudi alikuwa mtu wa kwanza katika nyumba yao kuweza kusoma mkataba wa mnunuzi wa samaki kabla ya kuutia sahihi. Nilipomwuliza kama miaka minne ya mwanzo haimtoshi mvuvi, alinitazama kwa huruma, kisha akaniambia, "Mwanangu, mtoto aliyeachishwa mwaka wa nne ni chombo kilichopigwa mbao zote kikaachwa bila ya kalafati. Ukikiona juu ya mchanga utasema kimekwisha, lakini kishushe majini uone." Sijapata kusikia hoja ya kuitetea skuli ya kati iliyo bora kuliko hiyo, wala sidhani kwamba waliokutana katika mabaraza ya wizara waliwahi kuisema kwa ufupi zaidi.

Kwani hata serikali yenyewe ilijifunza hilo kwa kujaribu. Mwaka 1975 ilipotangaza elimu ya msingi kwa watoto wote, iliipunguza miaka yake ikawa sita, kwa matumaini kwamba uchache wa miaka utaongeza wingi wa wanafunzi; na wingi ulipatikana kweli, lakini ilipofika mwisho wa mwaka wa masomo wa 1978–79 ikabidi irudishe miaka minane, kwa sababu sita haikutosha kumkamilisha mtoto. Walakini kurudisha miaka katika karatasi si sawa na kuwarudisha watoto darasani. Katika zama zile zile ilionekana kwamba wengi walioacha skuli waliiacha baada ya mwaka wa nne, na kwamba wasichana wengi hawakuingia kabisa. Mpaka wa zamani baina ya ngazi ya kwanza na ya pili ulikuwa umefutwa katika sheria, lakini katika maisha ya watu ulibaki palepale.

Kisha ukaja mwaka 1991, na yaliyofuata hayana haja ya kurefushwa hapa, kwa kuwa kila mtu wa pwani ameyasikia au ameyaona. Dola ilivunjika, na skuli za dola zikavunjika pamoja nayo. Wabajuni, ambao hawakuwa na silaha wala jeshi la ukoo, waliporwa vyombo vyao na wengi wakakimbilia Kenya, wakaishi katika kambi za Mombasa, na baadaye wengine wakarejea visiwani wakakuta mengine yameanza bila ya wao. Hata mwaka 2014 vita vilifika Kudha yenyewe, wakapigana hapo askari wa Jubaland na Al-Shabaab. Nayataja haya kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba anayeihukumu skuli ya mahali kama hapa bila ya kujua ilikotoka hatafanya insafu. Kizazi kizima kilikua kati ya kufungwa kwa skuli ya Babu na kufunguliwa kwa madarasa ninayotaka kuyaeleza, na kila mtoto anayesoma leo ana mzazi ambaye aghalabu hakupata nafasi hiyo.

Madarasa yenyewe niliyaona siku iliyofuata. Sitayapamba, kwa kuwa hayakujipamba: kuta, paa, ubao, mabenchi yasiyotosha, na mwalimu kijana anayefundisha zaidi ya somo moja na zaidi ya darasa moja. Lakini ndani yake niliyaona mafanikio ambayo hayahitaji takwimu ili yaaminike. Mvulana mmoja alisimama akasoma ukurasa mzima wa Kisomali bila ya kusita, kisha mwalimu akamwamuru awaeleze wadogo maana yake kwa Kibajuni, naye akaeleza, akageuza mfano wa ngamia ukawa wa mashua ili wenziwe wafahamu vyema. Katika somo la hesabu mwalimu aliandika uzito wa kamba wa miamba, bei ya mnunuzi, gharama ya barafu na sehemu ya mwenye chombo, akawataka watoto watoe fungu la kila baharia; na walipomaliza ikadhihirika kwamba wawili kati yao walikuwa wamelikosoa fungu ambalo baba zao walipewa wiki iliyopita. Na jioni, barazani kwa Bibi mmoja niliyekwenda kumjulia hali, mjukuu wake wa kike alimsomea maandishi ya chupa ya dawa, akamwambia kiasi gani na mara ngapi, na Bibi akanigeukia akasema, "Huyu ndiye macho yangu. Wenziwe wameolewa, huyu nimemkatalia mpaka amalize."

Hayo matatu, yaani kusoma kwa kufahamu, kuhesabu kwa kujilindia haki, na binti anayebaki darasani kwa sababu nyanya yake amesimama mlangoni, ndiyo maendeleo ya wanafunzi niliyoyashuhudia Kudha, na kila moja lao ni tunda la miaka ya kati, si ya mwanzo. Mtoto wa mwaka wa pili husoma maneno. Wa mwaka wa sita ndiye asomaye mkataba, dawa na fungu.

Ila mwalimu hakunificha upungufu, na daftari lake la mahudhurio lilisema kwa niaba yake. Alikuwa ameweka alama mbili tofauti kwa wasiofika, moja ya ugonjwa na udhuru wa nyumbani, na nyingine ya bahari, na katika kurasa za madarasa ya juu, kwa miezi yote ya kaskazi, alama ya bahari ilitawala. Hapo ndipo nikawakumbuka vijana niliowapita katika madau. Hawakuwa watoro, wala baba zao hawakuwa maadui wa elimu. Lakini kaskazi ndiyo msimu wa bahari tulivu na samaki wengi, na nyumba isiyopata wakati huo haina cha kula kusi itakapokaza. Basi tazama jinsi mambo yalivyopinzana: katika skuli nyingi za Somalia likizo ndefu ya mwaka huangukia aghalabu miezi ya Juni hadi Agosti, na hiyo ndiyo miezi ambayo kusi huvuma kwa nguvu, vyombo vingi vikapandishwa ufuoni, na vijana wakakaa bila ya kazi. Skuli hufungwa bahari inapofungwa, na hufunguliwa bahari inapofunguliwa, na mtoto wa mvuvi hulazimishwa kuchagua baina ya mbili ambazo zingaliweza kupishana kwa amani.

Jambo hili si jipya, na dawa yake imekwisha kujaribiwa katika nchi hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa miaka ya themanini serikali ya Somalia iliweka mpango wa miaka mitatu kwa watoto wa wafugaji, ambao walisoma miezi sita katika mwaka, wakati malisho na maji yanapowakusanya wazee wao mahali pamoja, na miezi iliyobaki wakafuatana na mifugo. Kama mfugaji aliwekewa kalenda ya mvua, mvuvi anastahili kuwekewa kalenda ya pepo. Wala sisemi kwamba mtoto wa Kudha apewe nusu ya elimu kwa kuwa ni mtoto wa bahari. Nasema apewe elimu yote, lakini masomo mazito ya miaka ya kati yawekwe katika kusi, na katika kaskazi yabaki masomo ya asubuhi au ya jioni kwa wale wanaokwenda na kurudi siku moja.

Funzo la pili liko ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zao wa Kiunga, Faza na Kizingitini. Kenya ilipoanzisha daraja ya kati mpya mwezi wa Januari 2023, yaani darasa la saba hadi la tisa, iliamuliwa kwamba madarasa hayo yawe ndani ya skuli za msingi zilizopo, ili mtoto asilazimike kuhama kwao akiwa bado mdogo. Uamuzi huo umekuwa na mashaka yake ya walimu na vyumba, lakini asili yake ni njema, na kwa visiwa vya Wabajuni ni jambo la dharura zaidi. Zama za Babu kijana aliweza kwenda Kismayo kukaa kwa jamaa. Leo jamaa wengi wametawanyika duniani, njia ya bara haina amani, na mzazi wa binti hawezi kumkabidhi mtoto wake kwa mji asioujua. Daraja ya kati ikiwa mbali, huwa ya wavulana wachache wenye bahati. Ikiwa karibu, huwa ya watoto wote.

Na funzo la tatu lahusu walimu na lugha. Niliona kwa macho yangu kwamba somo lilifahamika zaidi pale Kisomali cha kitabu kilipofasiriwa kwa Kibajuni, na hilo haliwezekani ila mwalimu awe anazijua lugha mbili. Kisomali ni lugha ya dola, na mtoto wa Kudha anaihitaji ili asiwe mgeni katika nchi yake. Lakini mlango wa kuingilia humo ni lugha ya mamake, lugha yenye vave na tenzi na majina ya kila samaki na kila upepo. Kwa hiyo katika malengo ambayo skuli hii na wizara zinazoisimamia zapaswa kuyaweka mbele, lile la kuwatafuta wahitimu wa visiwani, wake kwa waume, wakapewa mafunzo ya ualimu na mshahara wa kudumu, halipaswi kuwa la mwisho. Mwalimu mgeni huja na kuondoka pamoja na mradi uliomleta, lakini mwalimu mwenyeji hubaki, na uwepo wake mbele ya ubao huwaambia wanafunzi kwamba elimu si ya watu wengine.

Nilipoyazungumza haya na wazee kabla ya kuondoka, mmoja wao aliniuliza ni kwa dalili gani watajua kwamba skuli yao inaendelea, kwa kuwa kila mgeni hupiga picha ya watoto wa mwaka wa kwanza, akahesabu vichwa, akaandika kwamba kuna mafanikio. Nilimjibu kwamba wasihesabu wanaoingia. Wahesabu wale walioanza mwaka wa tano pamoja, na miaka minne baadaye wawahesabu tena, wavulana mbali na wasichana mbali, na tofauti baina ya hesabu hizo mbili ndiyo itakayowaambia ukweli ambao hakuna ripoti itakayoweza kuuficha. Ikipungua tofauti hiyo mwaka hadi mwaka, skuli imeendelea, hata kama paa lake linavuja. Na ikizidi, haikuendelea, hata kama imepakwa rangi mpya.

Hesabu hiyo haihitaji fedha wala mtaalamu kutoka nje, kwa kuwa mwalimu ameianza tayari katika daftari lake, na wazazi wanaweza kuidai wenyewe kila msimu unapogeuka. Mwenye dhamana ya elimu, awe Kismayo au Mogadishu, akitaka kuwatendea haki watu wa visiwa hivi ambao wamengoja kwa muda mrefu kuliko wengi, aanze kwa mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake: kalenda inayofuata pepo, darasa la tano hadi la nane lililoko Kudha yenyewe, na mwalimu anayefahamiana na watoto kwa lugha zao mbili. Yakipatikana hayo, binti aliyemsomea nyanya yake maandishi ya dawa hatakuwa wa kustaajabiwa na wageni, kwa maana wenziwe wote watakuwa wamejua kuyasoma.